Majani na Mlingoti: Namna ya Kujiandikia Kipimo cha Mafanikio

Jioni moja tulikuwa barazani Ngamiani, mtaa wa mji wa Tanga, kahawa ikizunguka na sahani ya kashata katikati yetu, alipopita bwana mmoja wa mtaani akatusalimu na kwenda zake. Mzee aliyeketi karibu nami akasema, "Huyu ametoboa," na wengine watatu wakaitikia kwa kichwa bila ubishi wowote. Niliwaomba kila mmoja aniambie huko kutoboa amekuonea wapi. Wa kwanza alitaja gari. Wa pili alitaja nyumba ya vyumba sita ambayo bwana yule ameimaliza bila mkopo. Wa tatu alisema gari na nyumba havimshangazi, ila binti zake watatu wameolewa kwa heshima na hakuna aliyerudi nyumbani akilia. Mzee aliyelianzisha neno alicheka, akasema kwamba yeye humwona msikitini kila alfajiri akiwa safu ya mbele, na kwamba hajapata kusikia jina lake likisomwa katika daftari la madeni la duka lolote. Neno lilikuwa moja na waliolikubali wanne, lakini kila mmoja alikuwa akimsifu mtu tofauti.

Bwana aliyepita hakupungukiwa na kitu kwa tofauti hiyo. Anayepungukiwa ni kijana aliyekuwa akitumiminia kahawa, ambaye siku nyingine zote hulisikia neno bila sababu zake, akabaki na hamu ya kutoboa asijue ni ukuta gani hasa anaotakiwa kuutoboa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana kama huyo, na pia kwa ajili ya mtu wa miaka hamsini ambaye amepata karibu kila alichokuwa akikitafuta na bado halali vizuri. Kinachohitajika ni daftari la shule, penseli yenye kifutio kwa kuwa utafuta mengi, na jioni chache za utulivu. Lengo ni kupata ukurasa mmoja, usiozidi, unaosema mafanikio kwako ni nini kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma na kukuuliza kama unayatimiza.

Anza na vitenzi

Kabla ya kuandika unachokitaka, jisikilize kwa muda wa wiki moja na uandike vitenzi unavyovitumia unapozungumza juu ya watu waliofanikiwa, kwa sababu kila kitenzi huja na picha yake ya maisha, na picha hiyo huingia ndani bila kupiga hodi.

Kutoboa kunachukulia kwamba kuna ukuta, kwamba upo siku moja upande huu na siku ya pili upande wa pili, na kwamba kazi imekwisha. Kutoka kunachukulia kwamba hapo ulipo si mahali pa kukaa. Na hili hapa Tanga lina uchungu wake, maana kwa vijana wengi kutoka ni kupanda basi la Dar es Salaam au kupata kazi Uarabuni, na ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, ambao zamani walitaniwa nao wageni, sasa unawafaa wenyeji. Kujipata ni neno la juzijuzi, nami nalipenda kwa kuwa linakiri kwamba aliyepotea na anayetafutwa ni mtu mmoja, ijapokuwa mara nyingi hulisikia likitamkwa siku mtu aliponunua gari. Kufaulu ni kwa shule, na kufaulu kunamtaka msahihishaji mwenye kalamu nyekundu. Aliyemaliza shule miaka ishirini iliyopita na bado anapima maisha yake kwa kitenzi hiki ana haki ya kujiuliza ni nani anayemsahihisha.

Kitenzi kinachostahili kukaliwa kidogo ni kufanikiwa, ambacho tunakitumia kila siku bila kukitazama. Shina lake ni kufana. Harusi hufana, shughuli hufana, mavuno hufana. Jambo likifana kwa ajili ya mtu limemfanikia, na mtu huyo amefanikiwa. Sarufi imemweka mtu katika nafasi ya mtendewa. Sisemi kwamba wazee waliolizungumza neno hili kwanza walikusudia kutupa somo, lakini ukweli uliomo ndani yake ni wa kutumika: katika kila linalofanikiwa kuna sehemu uliyoitenda na kuna sehemu iliyokufania, ikiwa ni mvua, wanunuzi, afya, au kile ambacho waumini wa mwambao huu hukiita taufiki, yaani msaada wa Mungu. Chora mstari katikati ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Kushoto andika uliyoyatenda mwenyewe katika mambo matatu yaliyofana, na kulia andika yaliyokufania. Watu wengi hushangaa kuona upande wa kulia ulivyojaa, na mshangao huo hupunguza majivuno na aibu kwa pamoja, kwa sababu hata palipoharibika, upande wa kulia ulikuwapo.

Mwadhini naye huwaita watu kwenye mafanikio mara tano kwa siku, anaposema hayya alal-falah, yaani njooni kwenye kufaulu. Katika Kiarabu, mzizi wa neno hilo ndio huohuo unaomtoa fallahi, mkulima anayelima ardhi. Ninalitaja jambo hili kwa kuwa sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu shamba.

Kipimo ni cha nani

Jioni inayofuata andika majina ya watu watatu ambao, ukiwa peke yako, moyo wako husema wamefanikiwa. Usiandike matajiri wa dunia wala wachezaji mpira. Andika shemeji yako, jirani, mtu mliyesoma naye darasa moja. Mbele ya kila jina andika kitu kimoja unachokitamani kwake na kitu kimoja ambacho usingekichukua hata ukipewa bure. Mimi niliandika jina la rafiki mwenye malori matatu yanayokwenda Horohoro na kuvuka mpaka hadi Mombasa. Nilimtamania malori, na sikumtamania simu yake, ambayo hulia usiku kucha ikileta habari za pancha, za madereva na za karatasi za forodha. Nilipoisoma tena orodha ile siku ya pili niliona haya kidogo, kwa sababu kilichonivuta hasa hakikuwa malori. Ni ile namna vijana wa benki wanavyosimama wanapomwona anaingia.

Kutamani kwa kujilinganisha si ugonjwa wa mtaa wetu peke yake. Mwaka 1998 watafiti wawili, Sara Solnick na David Hemenway, walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza wanafunzi, walimu na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Kila mmoja alitakiwa achague: kupata dola 50,000 kwa mwaka huku wenzake wakipata 25,000, au kupata dola 100,000 huku wenzake wakipata 200,000, bei za vitu zikiwa zilezile. Karibu nusu walichagua kupata kidogo, mradi wawapite wenzao. Lakini walipoulizwa kuhusu siku za likizo, wengi walitaka siku nyingi kwa ajili yao wenyewe, wenzao wawe na chache au nyingi zaidi. Yapo, basi, mambo tunayoyataka kwa sababu ni matamu, na yapo tunayoyataka ili tuonekane juu.

Rudi kwenye orodha yako na tufaidi utafiti huo bila kupanda ndege. Kwa kila ulichokitamani, jiulize kama ungeendelea kukitaka iwapo kila nyumba ya mtaani kwako ingekuwa nacho mara mbili yako. Kinachobaki kiwekee alama. Kinachoanguka usikifute bado, kwa sababu kupenda kuheshimiwa si dhambi. Kiandike tu kwa jina lake halisi. Pale nilipokuwa nimeandika malori, niliandika heshima, na mara moja nikaona kwamba zipo njia nyingine za kuipata ambazo hazihitaji matairi.

Mlingoti na majani

Aliyesafiri kutoka Tanga kwenda Korogwe kwa njia ya Muheza ameiona mistari ya mkonge, na hapa na pale ameona mlingoti uliochomoza katikati ya mmea ukapanda juu kuliko paa la nyumba. Mgeni huupiga picha ule mlingoti. Mwenye shamba huutazama kwa jicho jingine, maana anajua kwamba mkonge huchanua mara moja tu katika uhai wake, hutoa mlingoti, huangusha miche midogo, kisha hufa. Fedha ya mkonge iko katika majani, ambayo huanza kukatwa mmea ukiwa na miaka michache na huendelea kukatwa mwaka baada ya mwaka, hata mmea mmoja ukatoa majani mia mbili au zaidi kabla ya kuchoka. Mlingoti ukionekana, hesabu ya majani inafungwa.

Marehemu baba yangu alifanya kazi korona, kama tunavyoiita mashine inayokwangua majani ya mkonge na kubakiza nyuzi. Alianza kwa kubeba majani hadi kwenye mkanda wa mashine, na kipimo alichojiwekea kilikuwa kimoja: awe msimamizi wa korona kabla ya kufika miaka hamsini. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, ukafika ukiwa na miche 62 tu iliyo hai, ulikuwa umeifanya nchi hii kuwa ya kwanza duniani kwa katani, yaani nyuzi za mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalifika kiasi cha tani 230,000. Kijana aliyeamini kwamba korona haitanyamaza hakuwa mjinga. Lakini kamba za nailoni na nyuzi nyingine zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni, bei ya katani ikaanguka, na kufikia miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa karibu moja ya kumi ya yale ya zamani. Baba alipata usimamizi wake akiwa na miaka arobaini na saba. Miaka minne baadaye korona yao ilizimwa.

Alirudi nyumbani akiwa mtu aliyeshindwa, na hivyo ndivyo alivyojieleza mpaka mwisho. Mlingoti wake aliuinua yeye, ukaangushwa na watu wa mbali ambao hakuwajua na wao hawakumjua. Nilipokuwa mtu mzima, wenzake wa zamani waliokuja hitima yake walinieleza jambo ambalo yeye hakuwahi kulitaja: katika zamu zake zote, kwenye mashine iliyokuwa ikila vidole na viganja vya watu, hakuna mfanyakazi aliyekatika hata ukucha. Kila asubuhi alikuwa akiukagua mkanda kwa mkono wake kabla ya kuruhusu mtu asogee, hata kama wakubwa walikuwa wakipiga kelele kwamba anachelewesha kazi. Hayo yalikuwa majani yake, maelfu ya majani, na hakupata kuyahesabu kwa kuwa macho yake yalikuwa juu ya mlingoti.

Andika kwa hu-

Kiswahili kimetupa chombo cha kuyatenganisha majani na mlingoti, nacho ni kiambishi kidogo cha hu-. Gawa ukurasa mpya sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza andika sentensi zinazoanza na nita-: nitajenga, nitafungua duka, nitahiji. Katika ya pili andika zinazoanza na nime-: nimejenga, nimesomesha, nimeoa. Katika ya tatu andika zenye hu-: mimi hulipa deni kabla halijadaiwa, mimi hula na wanangu chakula cha usiku. Watu wengi hujaza sehemu mbili za kwanza kwa dakika kumi na kukaa mbele ya ya tatu kwa saa nzima.

Sentensi za nita- na nime- ni mlingoti. Zina nafasi yake, na mtu asiye na nita- yoyote huchosha kukaa naye, lakini hazifai kuwa kipimo, kwa kuwa nita- ni ahadi isiyokaguliwa na nime- ni jambo lililokwisha ambalo linaweza kuporwa na soko, moto au mahakama. Sentensi ya hu- hukaguliwa wiki hii hii. Tena haina nafasi ya nafsi. Hu- ni ileile kwangu, kwako na kwa yule, ndiyo maana inatubidi tuongeze mimi mbele yake. Kwa kukanusha tumia si-, kama katika mimi sipokei kazi nisiyoweza kuimaliza, na usiogope kuwa na mistari ya kukanusha, maana wakati mwingine ndiyo yenye nguvu.

Mfano huo wa mwisho si wangu. Ni wa fundi cherehani mmoja wa Makorora, mama wa watoto wawili, ambaye ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu: nitakuwa na duka kubwa la nguo mjini. Nilimuuliza ni kitu gani katika kazi yake kinachomuudhi yeye mwenyewe. Akajibu bila kufikiri kwamba ni uongo wa njoo kesho. Kila aliyewahi kushonesha nguo ya Idi anajua maana ya maneno hayo. Alifuta mstari wa duka, akaandika: mimi hukabidhi nguo siku niliyoahidi, na chini yake ule wa kukanusha.

Nilikuwapo katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyofuata. Cherehani ilikuwa ikilia, vitambaa vimepangwa kwenye kamba kila kimoja na karatasi yake ya jina na siku, alipoingia mama mmoja mtu mzima na mfuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea vitambaa vya wajukuu zangu. Magauni manne tu."

"Mama yangu, nisamehe. Daftari limejaa tangu juzi. Nikivipokea nitakudanganya."

"Mbona mafundi wenzako wanapokea?"

"Ndiyo, mama. Wanapokea."

Yule mama alisimama kidogo, akamtazama, akaondoka na mfuko wake pasipo kuaga. Fundi aliniambia kwamba ni gauni la kumi na sita analolikataa wiki hiyo, na kwa shilingi 8,000 kila moja hesabu ilikuwa 128,000, ambazo zingelipa kodi ya chumba. Hakuwa akitabasamu aliposema hivyo. Kipimo kinachoandikwa kwa hu- hugharimu, na ukiona chako hakijakugharimu kitu katika mwezi wa kwanza, yamkini umeandika mambo ambayo ulikuwa ukiyatenda hata bila daftari. Kwa kumbukumbu, yule mama alirudi baada ya Idi Kubwa na vitambaa vingine, akaanza kwa kuuliza siku.

Ndugu katika ukurasa wako

Hapa ndipo miongozo mingi ya mafanikio iliyotoka nchi za mbali inapotupotezea njia, kwa sababu inamchukulia mtu kama ngalawa iliyo peke yake baharini. Mtu wa Tanga mwenye mshahara ana ada ya mpwa wake, michango ya harusi, mchango wa msiba, dawa za bibi, na binamu anayepiga simu akianza na salamu ndefu kupita kawaida. Ushauri wa kuwakatia simu ndugu ili ufanikiwe naona ni ushauri mbaya, na wala si kwa sababu ya maadili peke yake: huku kwetu siku ya ugonjwa hospitalini atakayelala kwenye mkeka chini ya kitanda chako ni yuleyule binamu. Ushauri wa kutoa mpaka mfuko uwe mtupu nao ni mbaya vilevile, kwani nimewaona waliotoa hivyo wakageuka kuwa wao ndio wa kuombewa michango, na waliochota kwao hawakuonekana tena.

Njia iliyowafaa watu niliowafahamu ni kuliingiza jambo hili ndani ya ukurasa kwa kiasi kinachotajwa. Mwenye kipato cha shilingi 300,000 kwa mwezi anaweza kuandika: mimi hutenga shilingi 30,000 kwa ajili ya ndugu kila mwezi, na zikiisha husema zimeisha. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo ngumu. Kusema zimeisha, kwa sauti ya kawaida, bila kusingizia kwamba simu ilikuwa imezima au kwamba mshahara umechelewa, ni ujuzi unaohitaji kufanyiwa mazoezi, na inasaidia sana ikiwa jamaa wamekwisha kuambiwa mapema, kwa mfano katika kikao cha familia baada ya hitima, kwamba fungu lako ni kiasi fulani na linatolewa tarehe fulani. Ami yangu mmoja alikasirika nilipomwambia. Mwezi uliofuata alipiga simu tarehe ileile niliyomtajia, dakika moja baada ya saa mbili asubuhi.

Kuna swali jingine la nyumbani ambalo watu hulikwepa: nani analipia kipimo chako? Mume anayeandika kwamba hufungua duka alfajiri na kulifunga saa nne usiku ameandika pia, bila kujua, kwamba mkewe hulea watoto peke yake. Umwoneshe ukurasa huo unayeishi naye kabla hujauandika kwa wino. Akiusoma kimya na kukurudishia bila neno, usishangilie, kaa umuulize.

Kazi inayokulisha na kazi inayokupima

Wapo wanaoshindwa kuandika hu- yoyote yenye maana kwa sababu wanadhani ni lazima itoke katika ajira yao, na ajira yenyewe hawaipendi. Si lazima. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, alianza mwaka 1926 kuwa karani wa forodha Pangani, na kwa miaka mingi aliishi kwa mshahara wa ukarani katika ofisi za serikali ya kikoloni. Mtu ambaye angempima kwa cheo chake ofisini angemwona karani mwaminifu na kuendelea na safari. Vitabu zaidi ya ishirini vilivyomfanya ajulikane popote Kiswahili kinaposomwa viliandikwa na huyohuyo karani, na alipofariki mwaka 1962 alizikwa kulekule Vibambani. Simtaji ili umfanye kipimo chako, kwani kujipima kwa mtu wa namna hiyo ni kurudi kwenye mlingoti kwa mlango wa nyuma. Ninamtaja kwa sababu ya mpangilio wa siku zake: kazi moja ilimlisha, nyingine ikampima, na haionekani kwamba aliidharau ile ya kwanza.

Ukishapata mistari yako ya hu-, na isizidi mitano, ipitishe katika majaribio mawili ya haraka. La kwanza, jiulize kama ungeendelea na kila mstari hata kama hakuna mtu atakayejua. La pili, jiulize ni nini kitakachobaki ukiugua miezi sita. Mstari unaokufa kabisa kitandani si lazima uufute, lakini ukiwa na mitano na yote mitano inakufa, tafuta angalau mmoja unaoweza kutimizwa na mtu aliyelala, kama vile kusikiliza, kuomba radhi, au kumfundisha mtoto kusoma.

Kukagua

Watu wengi hukagua maisha yao mwanzoni mwa Januari, wakati mifuko ni mitupu, ada zinadaiwa na moyo hauko sawa. Napendekeza ufuate pepo. Wavuvi wa Sahare hujua kwamba kaskazi ikiisha na kusi ikianza kuvuma kwa nguvu, mnamo Aprili au Mei, siku za kutoka baharini hupungua, na huo ndio wakati wa kupandisha mashua ufukweni, kuipindua ubavu na kuitia kalafati, yaani kupachika pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao. Hakuna anayetia kalafati chombo kikiwa majini. Chagua nawe miezi miwili katika mwaka ambapo shughuli zako zimepungua, na wakati huo tu ndio uufungue ukurasa kwa nia ya kuubadilisha. Siku nyingine zote uusome, usiuguse.

Siku ya ukaguzi, mbele ya kila mstari andika moja kati ya mambo mawili: nimetenda, au sikutenda. Matokeo yake, ikiwa fedha iliongezeka au haikuongezeka, ikiwa watu walisifu au walinyamaza, yaandike kwenye ule ukurasa wa kwanza wa daftari, upande wa yaliyokufania. Fundi wa Makorora mwaka wake wa kwanza alikuwa na nimetenda karibu kila mwezi na kipato kilekile cha mwaka uliopita. Mwaka wa pili kipato kilipanda kidogo. Alipoulizwa na dada yake kama daftari ndilo lililoleta wateja, alijibu kwamba hajui, na kwamba huenda ni yule fundi wa jirani aliyehamia Muheza.

Mstari ukikosa kutendwa mara mbili mfululizo, ufute bila kujilaumu, kwa kuwa ama ni mgumu kuliko ulivyodhani ama kwa kweli hukuutaka. Usiuhamishie mtoto wako. Hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka: mzazi anafuta mstari kwenye daftari lake na kuuandika, kwa wino, kwenye maisha ya mwanawe.

Ukurasa wangu mwenyewe sasa una mistari minne. Wa tano ulikuwa unahusu heshima, ule uliotokana na malori, na nilijaribu kuuandika kwa hu- kwa namna tatu bila kufika popote, maana heshima hutolewa na wengine na mimi sina kitenzi chake. Kusi ilipoanza mwaka huu niliufuta. Nimeacha nafasi yake wazi, na penseli imo katikati ya daftari.